Msamo Aliposalimia kwa Adabu

Wazee wa Kimosi wana msemo wao: ukitaka kujua kama Msamo anasema kweli, msubiri afe, na asipoamka baada ya siku tatu, basi hilo moja hakuwa akitania. Rasmata alikua akiusikia msemo huo, akaolewa nao, na kwa miaka kumi na moja aliupima kila asubuhi alipopita na baiskeli yake mbele ya kibanda cha fundi Zerbo, kwenye barabara inayotoka mjini Wahiguya kuteremka bwawani.

Zerbo alikuwa Msamo, Rasmata alikuwa Mmosi. Watani. Anayejua utani hahitaji maelezo, na asiyeujua nimwambie hili tu: mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, akabeba kuku wako mchana kweupe, akashuka ndani ya kaburi la baba yako na kulala humo mpaka abembelezwe atoke, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, kosa ni lako. Ulichoruhusiwa ni kurudisha, tena urudishe zaidi ya ulichopewa.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa sita, mvua mbili za kwanza zikiwa zimekwisha kulaza vumbi, Rasmata alisimama kibandani kujaza upepo. Wiki iliyotangulia alikuwa ameipaka baiskeli yake rangi ya bluu, ile iliyobaki kwenye kopo alipopaka mlango wa mama mkwe wake. Aliipaka kwa ajili ya Jumatatu. Siku hiyo binti yake, Kuilga, mwenye miaka kumi na miwili, angefanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kituo cha mtihani kilikuwa ng'ambo ya bwawa, kilomita nane, na ukikosa mtihani huo unarudia mwaka mzima, au hurudi tena shule, unaozwa. Rasmata mwenyewe hakurudi. Kwa hiyo alitaka binti yake afike kule amekaa juu ya kitu kinachong'aa.

Zerbo alijaza upepo. Kisha akainama, akapitisha kidole gumba chini ya usukani, pale uma wa mbele unaoshika gurudumu unapoingia kwenye fremu. Akakipitisha tena, polepole.

"Mtumwa wangu," alisema, "nani amekipaka hiki chuma?"

"Mwenye mikono safi. Ya kwako inanuka mbwa."

"Mbwa ana faida, huliwa. Hii baiskeli haina faida tena. Uma wako una ufa hapa ndani, umeufunika na hii rangi yako ya mlangoni. Usiipande. Ukiteremka nayo bwawani, gurudumu litaenda kunywa maji, na wewe utaenda kwa babu zako, wapate mtu wa kuwachotea."

Watu waliokuwa wameketi kwenye benchi la kibanda, Wamosi watupu, wakacheka mpaka wakapigana mabega. Rasmata naye alicheka. Angefanya nini? Huyu ndiye Zerbo aliyemwambia mwaka juzi kwamba baiskeli yake imefariki, akailaza mkekani, akaifunika shuka, akaita walevi wa pombe ya mtama waje kuilia, na alipokuja Rasmata mbio mbio na moyo mkononi, kumbe ni pancha. Huyu ndiye aliyemwambia kwamba kengele yake imeingiwa na pepo wa Kisamo na haitalia mpaka imwite Zerbo baba. Leo ni ufa!

"Nionyeshe," alisema.

Zerbo alimwonyesha. Rasmata aliona bluu. Zerbo akachukua bisibisi ili akwangue, na Rasmata akampiga kofi mkononi.

"Usinikwaruzie rangi yangu, mla mbwa!"

"Kwaruzo linakuuma kuliko shingo?"

"Shingo yangu ina mwenyewe, yuko Kodivaa kwenye mashamba ya kakao, na akirudi atakutafuta."

Benchi likapiga makofi. Rasmata akapanda, akaondoka kwa ushindi. Alikuwa amefika kwenye kinu cha kusaga alipohisi kitu kwenye viganja vyake. Tik. Kidogo tu, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili. Akasikiliza. Haikurudi. Sasa hiyo tik ilikuwepo siku zote, au imeanza leo, au ni Zerbo aliyeitia kichwani mwake? Alijaribu kukumbuka jana baiskeli ililia vipi, akashindwa. Nani anakumbuka mlio wa jana?

Usiku huo hakulala vizuri, na Jumamosi asubuhi aliikokota mpaka sokoni kwa fundi mwingine, Noaga, Mmosi mwenzake, mtu wa kuongea kwa adabu na kunawa mikono kabla ya kupokea kitu.

"Nimeambiwa uma una ufa."

"Nani kasema?"

"Zerbo."

Noaga hakuinama hata kidogo. Alianza kucheka amesimama. Aliita wenzake wa mabanda ya jirani, njooni, Msamo amemtia ufa mke wa watu! Kisha kwa kumridhisha alibana gurudumu la mbele katikati ya magoti yake, akausukuma usukani mara moja kulia na mara moja kushoto.

"Chuma cha zamani hiki, shemeji. Kitakuzika wewe, kizike na mimi."

Rasmata alishukuru, akaondoka na moyo mweupe. Moyo ule ulikaa mweupe hatua kumi. Hatua ya kumi na moja alijiuliza: hivi Noaga aliangalia, au alicheka tu? Alitaka kurudi akamwombe akague bila kucheka, lakini utamwombaje fundi kitu kama hicho? Angerudi kuulizwa kama naye ameshakuwa Msamo.

Akapita kwa Zerbo. Benchi lilikuwa limejaa kama jana, maana watu wale hawana kwao.

"Zerbo," alisema, "utani tuuweke chini. Kuna ufa au hakuna?"

Zerbo aliweka spana chini. Akajifuta mikono. "Rasmata," alisema, na hilo lilimshtua, kwa sababu miaka yote hiyo hakujua kama anajua jina lake. "Rasmata, sikiliza..."

"Jamani!" alipaza sauti mzee mmoja wa benchini. "Msamo anamtongoza mtumwa wake!"

Kicheko kikapasuka. Zerbo aligeuka, maana kumwacha Mmosi aseme neno la mwisho ni jambo ambalo hakufundishwa na mama yake. "Nimtongoze huyu? Mimi nikitaka mke namtafuta mwenye meno ya kutafunia mifupa!"

"Ya mbwa!" alisema Rasmata. Neno lilimtoka lenyewe, kama chafya. Halafu akajilaumu. "Haya. Apa basi. Apa kwamba kuna ufa."

"Naapa kwa kichwa cha mbwa," alisema Zerbo.

Sasa, kichwa cha mbwa ndicho wanachoapia Wasamo na Wamosi wanapodanganyana. Hakuna mtoto asiyekijua kiapo hicho. Labda Zerbo alitaka kuapa kingine, ulimi ukafuata njia uliyoizoea. Labda hakutaka. Rasmata alimtazama usoni na hakuona kicheko, lakini hilo nalo halikumsaidia, kwani watani wazuri hawacheki. Wanaocheka ni wanafunzi.

"Nibadilishie uma basi."

"Sina wa kipimo hiki. Nimeagiza, unakuja na lori linalotoka mjini Waga Jumanne."

"Ufa Ijumaa, mtihani Jumatatu, dawa Jumanne! Hata uongo wako una kalenda, Zerbo."

"Chukua baiskeli yangu Jumatatu."

Benchi lote likainama mbele kusikia atajibu nini. Baiskeli ya Zerbo ilijulikana mji mzima: nyeusi, ndefu, na nyuma ya kiti kimefungwa fuvu dogo la mbwa. Mmosi akionekana juu yake, amekubali mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba babu yake alinunuliwa na babu yake Zerbo kwa kikapu cha karanga. Watu wangelisema hilo hata kwenye harusi ya wajukuu wa Kuilga.

Kumbe ni hapo! Rasmata alijisikia mwepesi ghafla, kama mtu aliyeona mkono wa mwizi ndani ya kapu. Ufa wote huu ulikuwa wa kumfikisha juu ya fuvu la mbwa. "Mjanja wewe," alisema. "Karibu unipate." Akaenda zake, huku Zerbo akiita nyuma yake kitu ambacho kicheko cha benchi kilikimeza.

Jioni alimsimulia mama mkwe wake, bibi wa Kuilga, aliyekuwa akibangua karanga mlangoni, mlango ule wa bluu.

"Msamo!" alisema bibi, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu.

"Lakini mama, na kama ni kweli?"

"Kama ni kweli angekuja kuniambia mimi kwa adabu, kama watu wanavyofanya."

"Wewe nawe ni mtani wake."

Bibi alibangua karanga tatu, nne. "Ni kweli," alisema. "Basi angemwambia imamu." Akafikiri kidogo. "Imamu naye Mmosi. Mtaa wote huu ni Wamosi. Basi maskini hana wa kumwambia."

Rasmata alisubiri aendelee, lakini bibi alikuwa amemaliza, na wala hakuonekana kuona kwamba amesema kitu cha kumnyima mtu usingizi.

Jumapili alasiri alirudi kutoka kisimani akaikuta baiskeli imeegemezwa ukutani, haina gurudumu la mbele. Hakuuliza ni nani. Alitembea mpaka kibandani, na mtaa ukamfuata, watoto, wanawake wenye mabeseni, mlevi mmoja mwenye kibuyu, kila mtu akiwa tayari amekwisha kutabasamu. Kuiba kitu cha mtani ni haki ya mtani. Zerbo alikuwa ameketi juu ya gurudumu kabisa, mikono kifuani.

"Silitoi."

"Zerbo, mtoto ana mtihani kesho!"

"Aende kwa miguu. Amkeni alfajiri. Silitoi."

"Kilomita nane kwa miguu, afike amechoka kama punda, aandike nini?"

"Aandike jina lake. Maiti hawaandiki."

Watu walikufa kwa kicheko. Mmoja alisema Msamo huyu ana kipaji, mwingine akasema utani wake wa mwaka huu umepita wa mwaka jana. Lakini mambo ya mtihani ni mambo ya mtihani, na wanaume wawili wa benchini wakamwinua Zerbo kwapani kwa upole, kama anavyoinuliwa mtani kaburini, wakalichukua gurudumu. Alipiga mateke. Alipiga kelele: "Itamwua! Nawaambia itamwua!" Na kadiri alivyopiga kelele ndivyo watu walivyoshika mbavu, mpaka yule mlevi akaangusha kibuyu chake.

Rasmata peke yake hakucheka. Alijaribu, mdomo ukakataa. Alirudi nyumbani akiviringisha gurudumu kwa mkono, na njia nzima alikuwa akipima: kama ni utani, umefika mbali. Lakini utani wa Zerbo siku zote ulifika mbali, ndiyo sababu ulikuwa mzuri. Kama ni kweli, mbona alikuwa na baiskeli ya fuvu la mbwa tayari? Kama ni hila ya kumpandisha juu ya fuvu, mbona alipiga mateke? Kichwa kilimuuma. Alilifunga gurudumu mwenyewe kwa spana ya jirani, akalizungusha, likazunguka. Akabonyeza usukani. Kimya. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Tik.

"Umesikia?" alimwuliza Kuilga.

"Nimesikia nini, mama?"

"Hakuna. Soma."

Jumatatu walitoka jua likichomoza. Kuilga alikaa kwenye keria ya nyuma, kalamu mbili mkononi, kichwa chake kwenye mgongo wa mama yake, akinong'ona tarehe za historia. Rasmata aliendesha polepole. Kitenge alikuwa amekifunga juu ya magoti, na akiwa njiani akakumbuka kwa nini anakifunga hivyo: mwaka wa kwanza Zerbo alimpigia kelele barabarani kwamba gurudumu lake lina hamu ya kula Mmosi na limeanza na nguo. Alikuwa anashika kulia kabisa, ukingoni, kwa sababu Zerbo alisema katikati ya barabara ni pa wafalme na wafalme wa Kimosi wameisha. Aligeuza shingo kutazama nyuma kabla ya kukwepa mbuzi, kwa sababu Zerbo alisema mtumwa mwema hutazama nyuma kama bwana wake anamfuata. Na breki, ya nyuma kwanza, ya mbele baadaye, kwa sababu Mmosi asiyejua nyuma yake huanguka kwa pua.

Kila alichokijua cha kumrudisha nyumbani mzima alikuwa amefundishwa kwa matusi. Aliyafuata yote, na hakuwahi kujiuliza kama ni utani au kweli. Alirudisha tusi na akafunga kitenge. Sasa mbona hili moja analipima? Alichanganyikiwa zaidi ya jana. Alitaka kusimama. Lakini asimame kwa sababu gani, amwambie nini mtoto, na mtihani unaanza saa moja na nusu?

Kibanda cha Zerbo kiko mahali barabara inapoanza kuinama kuelekea bwawani. Alikiona kwa mbali, na akaanza kutayarisha tusi lake, kama ilivyo desturi.

Zerbo alitoka kibandani. Benchi lilikuwa tupu saa hizo. Alikuja mpaka ukingoni mwa barabara, akavua kofia yake, kofia ambayo Rasmata hakuwahi kuona kilicho chini yake (upara ulikuwepo, na mvi pembeni). Akachuchumaa. Akaweka kiganja ardhini, akainamisha macho, kama mtu anayemsalimu mama wa mkewe.

"Umeamkaje, mama?" alisema. "Watoto wameamkaje? Bibi ameamkaje? Baba wa watoto huko aliko, yu mzima?"

Rasmata alihisi joto likimpanda usoni kwa aibu, hakujua aibu ya nini. Akafanya lile alilolizoea. Alipompita alitupa tusi, na lilikuwa zuri, la kuchaguliwa: "Mla mbwa! Njaa imekupanda kichwani, sasa unaniamkia upewe mifupa?"

Akaendelea. Pedali moja, pedali mbili. Mteremko ulianza kumvuta. Alikuwa ameshaukaza mgongo tayari kupokea jibu, maana jibu la Zerbo siku zote lilimpata hapo hapo, kwenye jiwe la kilomita, likamsukuma mpaka chini.

Jibu halikuja.

Alipita jiwe. Nyuma yake palikuwa kimya. Mtu aliyeng'ang'ania neno la mwisho kwa miaka kumi na moja, aliyemjibu mzee wa benchi hata alipokuwa anajaribu kuapa, alikuwa ameliacha tusi lianguke barabarani na hakuliokota. Rasmata aliacha kupiga pedali. Aliogopa. Aliogopa kama siku alipomwona mama yake amelala asubuhi na hajibu.

"Shuka!" alimwambia Kuilga. "Kuilga, ruka!"

"Mama?"

"Ruka, nimesema!"

Alikamata breki ya nyuma, ya nyuma kwanza, akaiburuta miguu yote miwili changaraweni. Mtoto aliruka. Baiskeli ilipunguza, ikapunguza, ikawa inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na ndipo gurudumu la mbele lilipoingia kwenye kishimo kidogo ambacho hata kuku asingekiona. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwake. Aliushika vizuri kabisa, na haukuwa umeshika chochote. Gurudumu lilijitoa na uma wake, likaendelea peke yake, likashika kasi, likateremka katikati ya barabara likirukaruka, likapita wanawake wa mboga, likapita lori la mchanga lililokuwa linapanda likipiga honi, likaingia bwawani. Lilikwenda kunywa maji, kama lilivyosemwa.

Rasmata alikuwa amepiga magoti na viganja chini. Kidevu kilitoka damu. Alitazama nyuma, Kuilga amesimama, kiwiko kimechubuka, kalamu zote mbili mkononi.

Zerbo aliwafikia akiwa juu ya baiskeli yake nyeusi. Alimtazama mtoto, akamgusa kiwiko, akamtazama mama, akaona anapumua. Alimpandisha Kuilga kwenye keria, fuvu la mbwa likining'inia mbele ya magoti yake, na akateremka naye mteremko ule akishika kulia kabisa, breki ya nyuma kwanza. Kuilga aligeuka mara moja kumtazama mama yake. Hawakuonekana tena.

Rasmata alikaa pale ukingoni. Watu walikuja, wakamwosha kidevu, wakamnywesha maji ya unga wa mtama, wakamwuliza maswali. Alikuwa ameishika fremu mapajani, akitazama pale ilipovunjika. Chuma kilikuwa na rangi mbili: upande mmoja kilimeta kipya, kimevunjika sasa hivi, na upande wa pili, karibu mzunguko mzima, kilikuwa kahawia ya kutu, ya siku nyingi. Na juu ya kutu, kwa nje, bluu safi. Alikuwa ameipaka mwenyewe. Tena mara mbili.

Zerbo alirudi jua likiwa limepanda, akitembea, anaikokota baiskeli yake.

"Amewahi," alisema. "Amekaa mstari wa mbele, dirishani. Mwalimu amemfunga kiwiko. Nitamfuata saa sita, mama."

"Usiniite mama."

Zerbo akaegesha baiskeli.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema Rasmata, na sauti ikampanda. "Kwa nini hukuniambia vizuri, Zerbo?"

"Nilikuambia Ijumaa. Nikakuambia Jumamosi. Jumapili nikaiba."

"Hukuniambia vizuri!"

"Nilijaribu. Kila nikifungua mdomo mnacheka." Aliketi chini, mbali kidogo naye, kama mgeni. Aliibana mikono yake ya grisi katikati ya magoti. "Usiku kucha nilikuwa nafikiri niseme neno gani ambalo sijawahi kukuambia. Halikubaki lolote isipokuwa salamu. Na wewe ukanipita. Nikasema, basi, nimekwisha kumwua kwa mdomo wangu."

Rasmata alilia. Hakulia kwa kidevu. Alimtazama mtu huyu mwenye upara, ameketi kwa adabu na kofia mkononi, akaona hamjui. Alikuwa mzee wa watu tu, anayemheshimu. Na ilimtisha kuliko mteremko, maana alijua sasa maana ya heshima yake.

"Nitukane," alisema.

Zerbo alitikisa kichwa.

"Nitukane, Zerbo. Mla mbwa we. Mmezaji wa mafuvu. Babu yako aliuzwa na babu yangu, na mnunuzi akamrudisha kwa sababu alibweka." Alikuwa anasema huku analia, makamasi na damu vimechanganyika. "Sema kitu. Nitajuaje kama niko hai?"

Wanawake wa mboga walisimama wakashangaa. Zerbo aliitazama fremu ya bluu mapajani mwake. Akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole gumba pale palipovunjika, polepole, kama alivyofanya Ijumaa. Kisha akavaa kofia yake.

"Mtumwa wangu," alisema, akaacha, akaanza upya. "Mtumwa wangu, hata chuma nacho kina akili. Kilivumilia makalio ya Kimosi miaka kumi na moja, leo kimesema bora nizame."

Rasmata alijifuta uso kwa upindo wa kitenge, akamrushia kijiwe begani. Neno la mwisho, siku hiyo, alimwachia.

Uma mpya ulikuja na lori la Jumanne, na gurudumu alilizamia Zerbo mwenyewe. Tangu hapo Rasmata hapiti kibanda kile bila kusimama pale barabara inapoanza kuinama. Anashusha mguu mmoja, anashika breki zote mbili, anasubiri. Akishatukanwa, anateremka. Na wiki moja ya mwezi wa nane Zerbo alipopotewa na sauti kwa mafua, akawa anampungia mkono tu kutoka kibandani, Rasmata alishuka, akaikokota baiskeli, ingawa ilikuwa nzima, mpaka chini.